Homa iendayo na kurudi

Majuma machache yaliyopita nilialikwa na mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, nizungumze na wanafunzi wake katika shule moja hapa Tiwi, si mbali na barabara kuu iendayo Ukunda. Mada niliyopewa ilihusu wadudu na lugha. Nami, kama ilivyo ada ya wazee waliokwisha kustaafu ualimu, nilikubali kabla sijaombwa mara ya pili. Nikaanza kwa kuwajaribu. Nani amjua kupe? Mikono yote juu. Nani amjua kunguni? Mikono yote juu, na kicheko juu yake, maana wale walalao bwenini walikuwa na habari zake nyingi. Chawa? Kiroboto? Utitiri? Naam, wote wanajulikana. Na papasi je? Darasa likanyamaza kimya. Kijana mmoja wa dawati la mbele akajikaza kisabuni, akasema, "Mwalimu, papasi ni mtu apendaye kupapasa gizani." Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa kuwa kwa namna yake yule kijana alikuwa amekaribia.

Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Nilipokuwa na umri wao hapakuwa na mtoto wa Kidigo, wala wa Kiduruma, asiyelijua jina hilo. Tulikatazwa kulala karibu na ukuta kwa sababu ya papasi. Tulikatazwa kuingia katika nyumba iliyohamwa kwa sababu ya papasi. Leo jina limetoweka vinywani mwa watoto, na mtu asiye na jina la adui yake hawezi kumsimulia daktari habari zake. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Basi papasi ni nani? Ni jamaa wa kupe, na kama kupe, yeye si mdudu kwa maana ya mwalimu wa sayansi, kwani ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui. Lakini tabia zake ni mbali kabisa na za kupe tumwonaye sikioni mwa mbuzi. Kupe wa mbuzi ana ngao ngumu mgongoni. Akishika ngozi hukaa siku kadhaa akinyonya hadi awe kama punje ya mbono. Papasi hana ngao. Ngozi yake ni kama ya mfuko wa ngozi mkuukuu, yenye makunyanzi, ya rangi ya udongo, na kinywa chake kimejificha chini ya mwili hata ukimtazama kutoka juu huoni kichwa. Mchana hulala katika nyufa za ukuta wa udongo, katika vumbi la sakafu, chini ya mafiga. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo bila ya kumwamsha, kisha hurudi ufani mwake kabla ya jogoo. Alfajiri mtu huona alama tu, pengine haoni kitu. Isitoshe, papasi ana subira ya ajabu. Aweza kukaa miaka bila ya kula. Nyumba iliyohamwa tangu mtoto akiwa mchanga yaweza kuwa bado inamngojea atakapoanza shule.

Naomba msomaji aniwie radhi, maana sasa nitajisimulia mwenyewe.

Mwaka 1968 nilikuwa darasa la nne. Mvua za masika zilikuwa nyingi, paa la makuti la nyumba yetu likaoza upande mmoja, na baba akatuhamisha sisi watoto kwa bibi yetu, mzaa baba, hadi kuezeka kwishe. Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, ya zamani, yenye ukuta uliopasuka kama mguu wa mkulima. Kuku walilala ndani, pembeni mwa mafiga. Nilitandikiwa mkeka chini, kichwa karibu na ukuta, kwa kuwa kitanda cha pekee alilala shangazi yangu aliyekuwa mjamzito.

Haikutimia wiki mbili nikashikwa na homa. Kichwa kiliniuma nikadhani kitapasuka, viungo vikaniuma, nikatetemeka, nikatapika. Nikanunuliwa klorokwini dukani, nikameza huku nikilia kwa uchungu wake. Siku ya nne nikatokwa na jasho jingi hata mkeka ukalowa, kisha homa ikakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Bibi akaishukuru klorokwini, akamsifu mwenye duka. Nikarudi shuleni. Baada ya siku saba hivi, nikiwa uwanjani, homa ikarudi vile vile. Safari hii jirani mmoja akaleta majani ya mwarobaini, nikafukizwa chini ya blanketi. Siku ya tatu jasho, homa ikakatika. Sifa zote zikawa za mwarobaini. Mara ya tatu ilipokuja, wazee wakakaa, wakanong'ona, wakasema kwamba kinachokwenda na kurudi si maradhi ya Mungu bali ni pepo, na pepo hupungwa. Akaitwa mganga. Ngoma ilipigwa usiku mmoja, na hapo hapo, kabla ya alfajiri, jasho likanitoka. Mganga yule alipewa mbuzi, na sifa zake zikavuka mto Mwachema zikafika hadi Diani.

Nimekumbuka kisa hiki mara nyingi nilipokuwa nikifundisha. Maadamu homa hii hukatika yenyewe kila baada ya siku chache, kila atakayekuwa ametibu mara ya mwisho atajiona bingwa. Mwenye duka alikuwa bingwa, mwenye mwarobaini akawa bingwa, mganga akawa bingwa wa mabingwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwongo. Kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba alitoa dawa na mgonjwa akapona. Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi wa sayansi angefundishwa ugonjwa huu, si kwa ajili ya mtihani, bali ajifunze jinsi macho mawili mazima yanavyoweza kumdanganya mtu mwaminifu.

Mara ya nne baba alichoka. Alinipakia nyuma ya baiskeli, nikiwa na homa kali, akanipeleka katika kituo kimoja cha afya. Wa kwanza kutuona hakuniangalia mara mbili. Alisema malaria, akaandika klorokwini. Baba, ambaye alikuwa mtu mpole sana, siku hiyo alikataa kuondoka. Akasema, "Bwana daktari, dawa hiyo ameimeza mara mbili. Naomba mtazame damu yake." Ndipo tukapelekwa kwa mzee mmoja wa maabara, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinitoboa kidole, akatia tone la damu juu ya kioo, akainama juu ya hadubini kwa muda mrefu. Kisha akamwambia baba, "Mwanao ana nyoka katika damu." Akaniita. "Njoo mjukuu wangu, utazame." Niliona chembe za damu kama senti nyingi zilizomwagwa, na katikati yake nyuzi nyembamba zilizojipinda kama chemchemi ya kalamu, zikijinyonganyonga, zikizisukuma chembe huku na huko. Nilisahau homa yangu. Nadhani ualimu wangu ulianzia pale.

Akauliza, "Mnalala wapi?" Baba akamweleza. Mzee yule hakusema neno jingine ila, "Papasi hao."

Nilidungwa penisilini. Usiku ule nilitetemeka kuliko nilivyowahi kutetemeka, hata bibi akaanza kunisomea. Sikujua wakati huo kwamba tetemeko lile ni jambo la kawaida: dawa inapowaua vijidudu wengi kwa pamoja, mwili hutaharuki. Ndiyo maana madaktari hupenda mgonjwa wa homa hii achungwe saa za kwanza baada ya dawa. Asubuhi nilikuwa mzima, na homa haikurudi tena.

Shangazi hakuwa na bahati kama yangu. Alikuwa amepata homa siku zile zile, akajilalia tu kitandani, na mimba yake ya miezi saba ikatoka. Mke mwenzake aliyekuwa akija kutusaidia kuchota maji akasingiziwa jicho. Hakupigwa, namshukuru Mungu, lakini alisemwa hadi akafunga nguo zake akarudi kwao Msambweni, na hakurudi tena Tiwi. Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, madaktari waliwafuatilia wajawazito walioletwa hospitali wakiwa na homa ya papasi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997: karibu nusu ya mimba zile ziliharibika au mtoto akafa karibu na kuzaliwa. Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu. Kitanda cha shangazi kilikuwa kimegusa ukuta ule ule.

Sasa, ni kwa nini homa huenda na kurudi? Wataalamu wamelieleza vizuri. Kijidudu chenyewe ni bakteria mwembamba aliyejisokota, wa kundi liitwalo spirokiti, na yule wa papasi wetu jina lake la kitaalamu ni Borrelia duttonii. Aingiapo katika damu huongezeka hadi maelfu kwa maelfu, na hapo ndipo homa huwaka. Mwili hutengeneza kingamwili zinazoyatambua mavazi yake, yaani protini zilizo juu ya ngozi yake, zikamwangamiza. Homa hukatika. Lakini wachache miongoni mwao huwa wamekwisha kubadilisha kanzu. Kingamwili huwapita bila ya kuwajua, nao huzaana kimya kimya kwa muda wa wiki moja hivi, na mgonjwa hushikwa upya. Mwili hushona silaha mpya, bakteria hushona kanzu mpya. Ni mchezo wa polisi na mwizi mwenye sanduku zima la nguo. Ndiyo maana pia hadubini huwaona wakati wa homa tu. Mgonjwa akipimwa siku za nafuu, kioo huonekana kitupu.

Historia ya ugonjwa huu imefungamana na njia zetu za Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alikwisha kumtaja kupe wa nyumbani aliyemuuma kule Angola na kumtesa. Nyuzi zenyewe zilionwa kwanza na daktari kijana wa Berlin, Otto Obermeier, mwaka 1868, katika damu ya wagonjwa wa homa ya chawa, naye akachapisha habari hiyo mwaka 1873, mwaka ule ule aliokufa kwa kipindupindu. Mnamo 1904, Ross na Milne walionyesha kule Uganda kwamba homa iliyoitwa ya kupe ilikuwa na spirokiti katika damu. Na mwaka uliofuata, mashariki ya Kongo, watafiti wawili kutoka Liverpool, Mwingereza Joseph Dutton na Mkanada John Todd, walithibitisha kwamba papasi ndiye mwenezaji. Waliwaachia papasi wawaume nyani wadogo, wakaona kwamba hata watoto wa papasi, waliototolewa na mayai ya mama mwenye ugonjwa na ambao hawajawahi kumuuma mgonjwa, waliambukiza. Lakini wote wawili waliugua homa ile ile waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo, mji wa Waswahili wa Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Jina la bakteria huyo limetokana na jina lake.

Mwaka huo huo wa 1905 Mjerumani Robert Koch alikuwa Tanganyika, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, akichimbua sakafu za mabanda ya kupumzikia wasafiri. Aliwakuta papasi kwa wingi katika njia za misafara, akaona pia spirokiti ndani ya mayai ya papasi. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: msilale ndani ya mabanda hayo, pigeni hema mbali nayo. Nauona ushauri huo kuwa mwema kwa mwenye hema. Wapagazi waliokuwa wakibeba hema hizo walilala wapi, hatuambiwi.

Kuhusu jimbo letu hili, nina jambo la kuwaambia walimu wa Kwale ambalo huenda likawashangaza. Katika mwaka 1950 mtaalamu aitwaye G. A. Walton alichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki taarifa juu ya homa ya kurudia katika Wilaya ya Digo, yaani hapa hapa petu, na nyingine juu ya Meru. Aliendelea kwa miaka kuwatafiti papasi, na mwaka 1962 alieleza kwamba yule aliyedhaniwa kuwa mmoja kwa kweli ni jamii ya ndugu kadhaa wanaofanana sura lakini wanatofautiana makazi: wako waliozoea nyumba za watu, wako waishio katika mashimo ya ngiri porini. Kwa hiyo homa yangu ya 1968 haikuwa kioja. Ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka kumi na minane kabla, katika jarida ambalo nina hakika yule aliyeniandikia klorokwini hakupata kuliona.

Upo pia ugonjwa ndugu, ule wa chawa. Methali yetu kwamba kikulacho ki nguoni mwako wengi huifikiria kuwa fumbo, lakini hapa yapasa kuchukuliwa kama ilivyo. Chawa anayehusika si yule wa kichwani anayewasumbua watoto wa shule; ni chawa wa nguo, akaaye katika pindo na mishono na kutaga mayai humo. Charles Nicolle na wenzake huko Tunis walieleza mwaka 1912 jinsi anavyoambukiza: si kwa kuuma hasa, bali kwa kupondwa. Mtu anajikuna, anamponda chawa kwa kucha, na maji ya mwili wake yanaingia katika mkwaruzo. Chawa hawarithishi watoto wake ugonjwa kama afanyavyo papasi, na hana mnyama mwingine wa kumtegemea ila binadamu. Kwa sababu hiyo homa yake hufuata vita, njaa, magereza na kambi, mahali ambapo watu hulala wamebanana na hawana nguo ya kubadilisha. Kenya iliwahi kuipata. Garnham na wenzake walichapisha habari za mlipuko wake nchini mwaka 1947. Mwaka 2015 madaktari wa Ulaya, katika nchi kama Ujerumani, Uholanzi na Italia, waliikuta tena kwa vijana wakimbizi kutoka Eritrea, Somalia na Ethiopia waliokuwa wamepita jangwani na baharini. Vitabu vya huko vilikuwa vimekwisha kuifanya hadithi ya zamani.

Jambo moja hapa linanifurahisha kama mwalimu. Mnamo 1948 Heisch na Garnham, waliofanya kazi Kenya, walionyesha kwamba bakteria wa papasi anaweza kuenezwa na chawa. Miaka 60 baadaye, mwaka 2008, wataalamu waliosoma jeni za bakteria wote wawili walikuta kwamba yule wa chawa ni kama yule yule wa papasi aliyepungukiwa na baadhi ya jeni zake, kama mtu aliyehamia mjini akauza majembe.

Wanyama nao wana sehemu yao. Ng'ombe, kondoo na farasi wana homa ya spirokiti wao, aitwaye Borrelia theileri kwa jina la Arnold Theiler aliyemwona Afrika Kusini mwaka 1902. Huenezwa na kupe wa ngao ngumu, wale wa josho, na kwa kawaida humpa ng'ombe homa hafifu na upungufu wa damu tu. Kwa kuwa ndigana kali huua zizi zima, hakuna amtazamaye huyu mdogo. Kwa kuku mambo ni mazito zaidi. Kupe wa kuku, naye ni wa ukoo wa wasio na ngao, hujificha katika nyufa za banda na kutoka usiku kama papasi. Humwachia kuku spirokiti wake mwingine. Kuku hulegea, huharisha kijani, huangusha mabawa, hufa, nasi husema ni kideri na kuiacha habari hapo. Mfugaji wa Tiwi anayepoteza kuku kila mara ilhali amewachanja kideri angefanya vyema kuziangalia mbao za banda lake usiku kwa tochi.

Na je, papasi wa nyumbani, bakteria wake hukaa kwa binadamu tu? Kwa miaka mingi vitabu vilisema hivyo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha habari kwamba wamekuta dalili za bakteria huyo katika damu ya kuku na nguruwe wa vijiji vya Tanzania ya kati. Niliposoma hayo niliwakumbuka kuku wa bibi pembeni mwa mafiga. Sisemi kuku wafukuzwe; kuku ni benki ya mama wa kijijini. Nasema walale banda lao.

Watauliza wengine: mzee, mbona unatusumbua na maradhi ya 1968? Swali ni la haki. Nyumba nyingi za Tiwi sasa ni za matofali na mabati, sakafu ni saruji, na papasi hana ufa wa kulala. Kwa maoni yangu saruji ndiyo iliyomshinda kuliko dawa yoyote. Lakini toka barabarani uelekee bara, Kinango hadi Samburu, uone ni kuta ngapi bado za udongo, na uone nani walalao chini karibu nazo. Ni watoto na wageni. Wenye nyumba walioumwa tangu utotoni mara nyingi huwa wamepata kinga kiasi. Anayeungua ni mtoto mdogo, mjamzito, na mgeni aliyekuja matangani. Aidha, kumdhibiti papasi si jambo lisilowezekana. Huko Mvumi, mkoa wa Dodoma, nyumba zilipopulizwa dawa ukutani na sakafuni, homa hii ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1998.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, ni juu ya hadubini. Katika miaka ya 2010 serikali ilihimiza kila mwenye homa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, na kipimo kile kidogo cha haraka, chenye mistari miwili, kikafika hadi zahanati za ndani kabisa. Nakiunga mkono. Kimeokoa maisha, na kimewazuia wengi kumeza dawa wasiyoihitaji. Lakini kipimo kile hujibu swali moja tu: malaria ipo au haipo? Hakina jicho. Yule mzee wa miwani ya uzi hakuwa akitafuta spirokiti aliponipima. Naamini alikuwa akitafuta malaria kama kawaida, akaona asichokitafuta. Kipimo cha mistari hakiwezi kuona kisichotafutwa. Mgonjwa huambiwa hana malaria, hupewa vidonge vya maumivu, na siku ya tatu homa inakatika. Wote wanaridhika. Mwenye duka, mwarobaini, mganga, na sasa kipande cha plastiki.

Kwa hivyo ningewaomba walimu wenzangu mambo madogo. Jina papasi lirudi darasani, katika somo la sayansi na la Kiswahili pia, na tofauti yake na kupe ichorwe ubaoni. Mtoto ambaye homa yake imekwenda na kurudi aulizwe alilala wapi majuma mawili yaliyopita. Nao walio katika vituo vya afya, mgonjwa mwenye homa ya pili au ya tatu, kipimo cha malaria kikiwa hakionyeshi kitu, wamtazame damu kwa hadubini wakati homa ingalipo. Dawa zake si za anasa: penisilini, tetrasaiklini, doksisaiklini, erithromaisini kwa mjamzito na mtoto. Zipo katika makabati yale yale.

Siku ile darasani, kengele ilipokwisha kulia, msichana mmoja alibaki nyuma. Akaniambia kwamba bibi yake mzaa mama, huko bara, hujaza nyufa za ukuta kwa udongo na majivu kila mwaka kabla ya masika, na akiulizwa sababu husema tu, "Ndivyo tulivyofundishwa." Nikamwambia akamwulize bibi jina la mdudu. Juzi mwalimu wao amenipigia simu. Kabatini mwa darasa sasa kuna chupa mbili zenye spiriti. Moja ina kupe kumi na mmoja wa mbuzi. Ya pili imeandikwa "Papasi", kwa mwandiko wa yule msichana, na ndani yake yumo mmoja, aliyechekechwa kwa ungo kutoka vumbi la jiko la zamani ambalo hakuna aliyelipikia tangu bibi ajengewe jipya.